Wauza seti za ndege za rimoti: milimita 85 kutoka WAPI?

Wakuu, moderata naomba uzi huu usiunganishwe na mwingine.

Mdogo wangu kanunua seti ya ndege ya kujifunzia, bawa la juu, kwa hela yake ya jasho. Kwenye karatasi ya maelekezo, kuhusu pale uzito wa ndege unapotakiwa kukaa sawa kati ya pua na mkia, wameandika: "Kitovu cha graviti: milimita 85." Basi. Kutoka kwenye pua? Ukingo wa mbele wa bawa? Ukingo wa nyuma? Hakuna mchoro, hakuna mshale, hakuna kitu.

Dogo akahesabu kutoka ukingo wa mbele, kama dunia nzima inavyofanya. Ilipotoka tu mkononi, pua ikapanda juu. Akasukuma fimbo ya rimoti mbele mpaka mwisho, ndege haimsikii, mkia ukazama, ikaanguka kwa bawa la kushoto. Propela vipande, na bamba la mota limeng'oka na povu lake.

Mabaki yalipofika nyumbani nikachukua rula. Bawa halichongoki, lina upana wa milimita 200 mwanzo hadi mwisho. 85 ni asilimia 42 na ushee ya upana huo! Ndege ya aina hii, yenye mkia wa kawaida, inasawazishwa kwenye asilimia 25 hadi 33, yaani milimita 50 hadi 66 kutoka ukingo wa mbele. Pua ikiwa nzito, ndege inaruka kivivu ila inarudi. Mkia ukiwa mzito, mnaokota.

Muuzaji anajibu nini? "Upepo huo, kaka." Upepo gani, majani yalikuwa hayatikisiki!

Na betri je? Boksi halisemi ni ya ukubwa gani. Ya seli tatu yenye ujazo wa 2200 mAh ina kama gramu 180, ya 1300 ni nyepesi mno kuliko hiyo, na inakaa puani kabisa. Bila kujua betri, namba yao hata ingekuwa sahihi utaisawazisha na nini? Chubwi za mishipi?

Nyie wa "weka theluthi ya upana wa bawa, kila ndege inaruka" nanyi mtulie. Ndege ya bawa tupu, isiyo na mkia, inataka kama asilimia 15 hadi 20. Mtu akiwasikiliza, kaumia.

Mwenye seti kama hii, bawa la 200: weka betri ndani, shika chini ya bawa kwa vidole viwili kwenye milimita 55 kutoka ukingo wa mbele, pua iiname kidogo tu. Karatasi yao fungieni vitumbua.

Muuzaji najua unapita humu. Tunataka bamba la mota jipya.