Tupeane uzoefu: Mliisubirije Kung Fury, na ilipofika mliipokeaje?

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimefungua mada hii kwa ajili ya wale walioifuatilia Kung Fury, filamu fupi ya Msweden David Sandberg, tangu trela yake ilipotoka Desemba 2013 hadi filamu yenyewe ilipowekwa bure YouTube tarehe 28 Mei 2015. Uhakiki umeshaandikwa wa kutosha, kwa hiyo sitaki kusikia uhakiki. Nataka kila mmoja aeleze aliisubiri vipi, aliitazama na nani, na kama aliridhika au alijiona ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa wasioijua, kisa chake kinaanzia Miami, mwaka 1985. Polisi mmoja aliyepigwa na radi na kung'atwa na swila kwa wakati mmoja anajikuta bingwa wa kung fu, kisha anaamua kurudi nyuma katika wakati ili akamuue Hitler, lakini anapitiliza na kuangukia zama za Waviking, ambako dinosauri wanatembea na mungu Thor anatoa msaada. Picha nzima imetengenezwa ionekane kama mkanda wa VHS uliochakaa.

Nianze mimi. Ile trela niliiangalia mpaka nikaikariri, na ndiyo iliyoniponza, kwa sababu filamu ilipofika vichekesho vyake vikubwa nilikuwa nimeshavizoea. Nilichokuwa sijajiandaa nacho ni pigano la mwishoni, pale stelingi anapowapitia askari wa Kinazi mmoja baada ya mwingine huku kamera ikisogea ubavuni bila kukata, kama ile michezo ya zamani ya video ambayo mchezaji huenda upande mmoja tu. Pale nililipwa subira yangu yote. Sehemu nyingine naona ni trela iliyorefushwa. Karibuni.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Mleta mada, mimi nilikuwa miongoni mwa watu zaidi ya 17,000 walioichangia kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, kwa hiyo naomba niseme kama mtu aliyetoa fedha yake. Sandberg alikuwa ametumia dola 5,000 za mfukoni mwake kutengeneza trela, akaomba dola 200,000, akapata 630,019. Aliahidi kwamba zikifika milioni moja angetengeneza filamu ndefu. Hazikufika, na ndiyo maana tukapata dakika 31. Hilo lilikuwa limeandikwa wazi, na sikuwaelewa wenzangu waliolalamika kwamba wamepunjwa muda.

Lalamiko langu lilikuwa jingine. Kadiri tarehe ilivyokaribia, mambo yalizidi kukuzwa: Aprili 2015 mwigizaji na mwimbaji wa Kimarekani David Hasselhoff akatoa wimbo wa filamu hiyo na video yake, na Mei filamu ikaonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, katika kitengo cha Directors' Fortnight. Mtu uliyechangia kichekesho cha kijana aliyejifungia na kompyuta yake unaanza kungoja kitu kikubwa kuliko ulichokichangia. Niliitazama na kaka yangu, yeye akiwa hajawahi hata kuisikia. Alicheka mpaka akainuka kwenye kiti, mimi nimenyamaza naangalia saa. Baada ya muda nilisoma kwamba walikuwa na uwezo wa kupata sare moja tu ya polisi wa Miami, kwa hiyo eneo la kituo cha polisi lililojaa askari lilipigwa picha mtu mmoja mmoja, kila mmoja akivaa sare ileile, kisha wakaunganishwa kwenye kompyuta. Nikairudia filamu kwa ajili ya hilo tu, na safari hiyo niliipenda.

Mchangiaji kutoka Tanga

Ndugu zangu, mimi nilikuwa mwendeshaji wa banda la video enzi za mikanda, na mtazamo wangu hauwezi kufanana na wa aliyeijua VHS kwa kusimuliwa. Yale mawimbi na mistari mnayoiita mapambo kwetu yalikuwa adui. Picha ikianza kuleta chenga katikati ya pigano, watu walianza kupiga miluzi na kudai viingilio vyao, nasi tukikimbilia kufungua deki na kusafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, huku mwenzangu akiwatuliza wateja kwa kuwasimulia kitakachofuata. Mkanda haukuchakaa sawasawa mwanzo hadi mwisho. Uliisha zaidi pale stelingi anapolipiza kisasi, kwa sababu ndipo wateja walipotaka urudishwe nyuma, na kila ukirudishwa unazidi kuumia. Ukinipa mkanda wa ngumi uliopita mabanda matatu, ningekuonyesha kwa mistari yake tu mahali ambapo watu walishangilia.

Sasa anakuja mtu na kamera ya kisasa, anapiga picha safi mbele ya pazia la kijani ambalo kompyuta hulibadilisha kuwa mandhari yoyote, kisha anaketi kuichafua kwa makusudi. Mwanangu aliponionyesha nilikasirika, na sioni aibu kusema hivyo. Niliona mtu anacheza na shida yangu. Hata hivyo nilimalizia, na nikakubali jambo moja: huyu bwana amezitazama kweli zile filamu. Polisi anayegombana na mkubwa wake na kujiuzulu kazi, mwenzake anayeuawa mapema ili kisasi kipate sababu, adui anayehutubia badala ya kufyatua risasi, yote ni ya kwenye mikanda yangu. Anayedhihaki bila kupenda hawezi kuweka vitu hivyo kwa mpangilio ule. Lakini chenga zake sikuzipenda, na sizipendi hadi leo.

Mchangiaji kutoka Göteborg

Huku Sweden televisheni ya taifa, SVT, nayo iliirusha, na kwa hiyo mjadala ulifika hata kwa watu wasiofuatilia mambo ya intaneti. Kazini kwetu tuligawanyika wakati wa kahawa. Vijana walijivuna kwamba kitu kilichotengenezwa na kijana wa Umeå, mji wa kaskazini mwa nchi, kimezungumzwa dunia nzima. Mama mmoja mtu mzima, ambaye familia yake ilikuja huku baada ya vita, alisema hawezi kucheka Hitler akipiga kung fu na kuua watu kwa kufyatua risasi kupitia simu, na hakutaka kubishana. Hakuna aliyemjibu. Januari 2016 filamu ilipopata Guldbagge, tuzo ya filamu ya Sweden, kama filamu fupi bora, mabishano yaleyale yalirudi, ila yeye hakushiriki tena.

Mchangiaji mwenye umri mdogo

Mimi sikusubiri chochote, niliikuta tayari ipo. Nimezaliwa baada ya deki kupotea majumbani, na miaka ya 1980 naijua kupitia muziki wa sintesaiza na taa za zambarau za filamu kama hizi. Naipenda ilivyo. Mzee wa Tanga, shikamoo, lakini chenga ndizo zilizonivutia.

Mchangiaji kutoka Bukoba

Naomba nilete jambo la jirani, kwa kuwa linahusiana moja kwa moja. Mwaka uleule wa 2015 ndugu zangu wa Kampala walinitumia Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 ya Isaac Nabwana kutoka Wakaliga, mtaa wa Kampala, ambayo nayo ilipata umaarufu duniani kwa trela kabla watu wengi hawajaiona yenyewe. Nayo ina milipuko ya kompyuta, kung fu na damu ya kupaka, na juu yake anasikika VJ (msimulizi wa filamu) Emmie akitania na kuwasifu wahusika, sawasawa na walivyozoea watazamaji wa mabandani Uganda, au sisi kwa Lufufu na Wakenya kwa DJ Afro.

Nilizitazama zote mbili kwa ukaribu wa siku, na kilichonigusa ni kwamba Sandberg aliutafuta umaskini wa picha kwa fedha nyingi, ilhali Nabwana aliuziba umaskini wake kwa watu wa mtaa mzima, kwa sababu fedha hakuwa nazo. Wageni wengi wanazipanga pamoja kama vichekesho vya aina moja, na mimi sikubaliani. Ya Umeå inacheka na filamu za zamani. Ya Wakaliga inataka kwa dhati kuwa filamu ya mapigano, na VJ ndiye anayeongeza kicheko. Nikilazimishwa kuchagua moja ya kuirudia, sitachelewa kujibu.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Kwa kuwa Nairobi amegusia mambo kukuzwa, tuelekee kwenye sehemu ya pili. Kung Fury 2 ilianza kupigwa picha mwaka 2019, safari hii ikiwa filamu ndefu, yenye Arnold Schwarzenegger na Michael Fassbender, kisha ikakwama katika mgogoro wa fedha uliofika mahakamani. Je, kuna anayeingoja bado?

Mchangiaji kutoka Nairobi

Mimi siingoji. Sare moja waliyovaa askari wote ilikuwa na raha yake, na ukishakuwa na Schwarzenegger unaweza kumnunulia kila mtu sare.

Mchangiaji kutoka Tanga

Marahaba, kijana. Mimi naingoja, mradi picha iwe safi.