Wanaofundisha dawa za moyo mitandaoni wachukuliwe hatua?

MwanaTanga: Wakuu, salaam. Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp umerudi ule ujumbe wa "ukiwa peke yako, kifua kikabana, kohoa kwa nguvu mfululizo mpaka ufike hospitali." Naujua tangu enzi za barua pepe. Jana kautuma shemeji, watu 11 wameshukuru. Wanaosambaza mambo ya moyo bila kusomea wachukuliwe hatua za kisheria, au kila mtu atumie akili yake?

Kibuyu: Sheria ya nini? Mzungu akisema aspirini mnameza, Mswahili akisema kitunguu saumu na limau mnamwitia polisi. Wazee wetu wamekula samli na nazi maisha yao yote, presha hawakuijua. Presha imekuja na mashine za kupimia.

Bi Tatu: Kibuyu, hapo umenichoma. Babu yangu alianguka shambani akipalilia mihogo, mkono kaushika kifuani. Hata 60 hakufika. Tukaambiwa karogwa, na kidole akanyooshewa mama mmoja jirani, mjane, mpaka akahama kijiji. Namwona hadi leo anavyoondoka, godoro kichwani, mtoto kamshika kanga. Hawakukosa presha, hawakupimwa.

Kibuyu: Pole sana dada. Lakini kama hakupimwa, na wewe umejuaje kuwa ni moyo? Mikono ya watu ipo.

Mzigua: Ipo kabisa. Mjomba alizunguka hospitali tatu, kila anakopimwa anaambiwa mzima. Kapelekwa kwa mtaalamu Handeni, kainuka.

Bi Tatu: Mzigua, mjomba wako kuinuka hakumfanyi jirani yangu kuwa mchawi. Tuheshimiane.

Nesi wa Zamu: Ya uchawi siyaingii. Kuhusu kukohoa: moyo ukisimama, mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde chache, hakohoi. Na kama kifua kinabana lakini moyo bado unapiga, kukohoa hakuzibui mshipa, kunakupotezea muda tu. Kukohoa hutumika hospitalini, mgonjwa yuko kwenye mashine na daktari kasimama pembeni. Presha nayo haina dalili kwa wengi. Ikipimwa zaidi ya mara moja ikawa 140/90 na kuendelea, hiyo ni presha hata kama unajiona mzima. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate.

Shamba Dawa: Mleta uzi, hilo neno "bila kusomea" unatutukana. Nauza unga wa mlonge mwaka wa sita, sijamwambia mteja hata mmoja aache vidonge.

Baba Junior: Wewe labda hujasema. Mama yangu aliacha. Nilifungua kabati lake nikakuta pakiti tatu za amlodipini, dawa yake ya presha, moja imetobolewa vidonge vinne tu. Miguu ilimvimba akaogopa. Zahanati alikopewa dawa hakuna aliyemtahadharisha kuwa inaweza kuvimbisha miguu. Dakika mbili dirishani, "mama, moja kila siku", anaitwa mwingine. Video ya TikTok ndiyo iliyomwuliza: "Je, miguu yako inavimba?" Akaona huyu ananijua. Mwezi wa pili kapooza upande wa kulia. Mfungieni mwenye video, sawa, lakini na pale dirishani pana mtu wa kuulizwa.

Nesi wa Zamu: Pole sana, Baba Junior. Foleni zetu mnaziona lakini. Zamu moja, mhudumu mmoja, wagonjwa mpaka nje.

Baba Junior: Foleni naijua, nilikuwemo. Sentensi moja ingetosha.

MwanaTanga: Nesi, kwa hiyo miguu ikivimba mtu afanyeje? Mama mkwe naye anameza hizo.

Nesi wa Zamu: Arudi aseme. Dawa za presha zipo aina nyingi, atapunguziwa dozi au atabadilishiwa. Asiache mwenyewe.

Mzigua: Tukumbuke na tulikotoka. Kabla Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete haijaanza 2015, wengi walikuwa wakipelekwa India. Huyo babu wa kijijini angepimiwa wapi?

Bi Tatu: Ndiyo nililosema tangu mwanzo.

Kibuyu: Dada Tatu, yule mama mlimfuata mkamwomba radhi?

Bi Tatu: Alifariki 2009. Wanawe tukikutana sokoni hawatuitikii salamu.