Ushauri: mtoto wa Gredi 4 anafungiwa geti kila akichelewa, nimhamishe?

NyarManyatta:
Wadau habari zenu. Niko Manyatta hapa Kisumu. Nina msichana wa miaka 10, Gredi 4, shule ya serikali. Geti linafungwa saa moja na nusu, yeye hufika saa mbili kasorobo, na mvua ikinyesha saa mbili na nusu. Mwalimu wa zamu anamrudisha, siku nzima inapotea. Kuna shule upande wa Kibos nasikia hawana huo ukali. Fomu nishachukua. Swali ni moja tu: naweza kumhamisha katikati ya muhula? Msinihukumu.

BodaWaKachok:
Kibos kutoka Manyatta? Mtoto wa umri huo mwenye mkoba hutembea kilomita moja kwa takriban robo saa, barabara ikiwa kavu. Tope likiingia, hesabu dakika 20 au zaidi. Unakimbia geti unaongeza safari. Na usidanganywe na boda wa kubeba watoto watatu kwa bei ya mmoja, sheria inaruhusu abiria mmoja. Asubuhi ya mvua ndiyo hao huteleza, kwa sababu mtoto wa nyuma kabisa hana pa kushika.

Chaki_Nyeupe:
Kuhamisha kunawezekana. Utahitaji cheti cha kuzaliwa na barua ya shule ya sasa, na nambari yake ya UPI, ile ya kumtambulisha mwanafunzi, inamfuata, kwa hivyo usidhani anaanza ukurasa safi. Gredi 4 kuna tathmini za shuleni zinazopelekwa KNEC, baraza la mitihani. Akihama mradi wa tathmini ukiwa nusu, shule ya zamani haina kazi kamili ya kukadiria na mpya haijui alifika wapi.

Lakini geti si shida yako kubwa. Kipindi cha Gredi 4 ni dakika 35. Hata akikosa cha kwanza tu kila siku, kwa wiki ni dakika 175, karibu saa tatu. Muhula wa wiki 12 ni vipindi 60. Tena si vipindi vya kuokota huku na kule: shule nyingi huweka Hisabati au Kiingereza asubuhi akili zikiwa bado mbichi, kwa hivyo anakosa somo lile lile. Asipojua kugawanya, sehemu hazitaingia, na desimali ndiyo kabisa. Mwisho wa mwaka mtu atasema mtoto ni mzito.

Anatoka nyumbani saa ngapi?

NyarManyatta:
Mapema tu. Asante kwa UPI. Kwa hivyo barua naiomba kwa mwalimu mkuu au wa darasa?

Mzee_wa_Baraza:
Wazazi wa siku hizi! Mwalimu akiwa mkali, hama. Akiwa mpole, lalamika hafundishi. Samaki mkunje angali mbichi, mama.

OmenaNaUgali:
Mzee, huyu samaki hata sokoni hajafika, geti limefungwa 😂

Chaki_Nyeupe:
NyarManyatta, "mapema" ni saa ngapi? Shule iko umbali gani?

NyarManyatta:
Dakika kumi kwa miguu. Haya, nitasema. Nina kibanda cha mandazi. Asubuhi ananipelekea ndoo moja stegi ya boda na nyingine kwa mafundi wa mjengo, halafu anarudi kuvaa yunifomu. Ndoo ni ndogo. Pesa ya chakula cha shule inatoka kwenye hayo mandazi, kwa hivyo msianze. Kazi haijawahi kuua mtoto.

Ngano_Mbili:
Shida ni unga, si geti. Inaonekana unakanda alfajiri. Kanda saa tatu usiku: unga wa ngano kilo 2, sukari gramu 250, hamira kijiko kimoja cha chai badala ya viwili, na maji baridi. Hamira nyingi usiku kucha huumua kupita kiasi, asubuhi donge linanuka pombe na mandazi yanakunywa mafuta. Funika vizuri, weka mahali pa baridi. Saa kumi na moja unakata na kukaanga, saa kumi na mbili na nusu umemaliza. Mafundi waje wenyewe au mtu mmoja wa boda awachukulie, umlipe kwa mandazi.

BodaWaKachok:
Hiyo kazi naipokea mimi.

Jicho_Kali:
Subirini. Hii ni hekaya. Nimefungua nyuzi zake za zamani. Mwezi Machi aliuliza kuhusu "mtoto wangu wa kwanza" wa miezi sita anayekataa uji. Leo wa kwanza amefika Gredi 4? Huyo ni mtoto wa kukua kwa hamira.

OmenaNaUgali:
😂😂 Fungeni uzi.

Mzee_wa_Baraza:
Nilijua tu. Tumepotezewa muda.

NyarManyatta:
Si hekaya. Ni wa dada yangu, ametoka Ugunja Januari. Tulikubaliana anisaidie na mtoto na kibanda, mimi nimsomeshe. Anakula, analala vizuri. Nyumbani hata shule hakuwa anaenda kila siku.

Jicho_Kali:
Haya basi, hapo ndipo mahali. Sheria ya ajira hairuhusu mtoto chini ya miaka 13 kuajiriwa, hata kwa kazi nyepesi. Utasema ni familia, hujamwajiri. Jirani akipiga 116, simu ya kuripoti mambo ya watoto, utayaeleza hayo kwa afisa wa watoto.

NyarManyatta:
Sijamwajiri! Ni mtoto wetu.

Chaki_Nyeupe:
Uzi uendelee, na fomu ya Kibos iweke chini. Nenda kwa mwalimu wa darasa kwanza, saa tisa na nusu masomo yakiisha, si asubuhi getini. Beba madaftari yake. Mwombe mada alizokosa Hisabati na Kiingereza, tangu Januari. Kisha mwombe akichelewa aingie, saa aliyofika iandikwe kwenye daftari dogo nawe utie sahihi jioni. Akirudishwa, dakika 15 zinageuka siku ya kutohudhuria kwenye rejista. Siku hizo zikizidi bila sababu, mwalimu mkuu anatakiwa kuchunguza na kumwandikia mzazi, na mzazi aliye kwenye rekodi ni dada yako, si wewe. Kwa hivyo dada ajue, na shule ijue anaishi na nani. Wakitaka kumchapa, sheria ya elimu ya 2013 imekataza.

Na ndoo zitoke mikononi mwake. Bila hilo, hata geti la Kibos litamfungia.

NyarManyatta:
Jumatatu asubuhi mjengo wananisubiri mandazi 80.

BodaWaKachok:
Nimesema naipokea. Saa ngapi?

NyarManyatta:
Saa kumi na mbili na nusu. Dada nampigia leo jioni. Ngano_Mbili, maji yawe ya friji?

Ngano_Mbili:
Ya bomba, yasipashwe moto.