Nina miaka 36, nataka kufanya QT (mtihani wa maarifa kwa tulioishia njiani sekondari) lakini kila nikifika kwenye kituo cha masomo napitiliza. Naomba ushauri

MamaWawili_Ngarenaro

Habari zenu ndugu zangu. Naandika usiku kwa sababu mchana sokoni sipati nafasi ya kukaa na simu.

Niko Arusha. Nauza mchele, maharage na unga pale soko la Kilombero. Shule niliishia kidato cha pili, kabla ya mtihani wa Novemba. Baba alifariki mwaka 2005, enzi hizo sekondari bado ni ya ada, na kwetu tulikuwa watano, mimi ndiye mkubwa. Nikaletwa mjini kwa shangazi nimsaidie biashara, na biashara hiyo ndiyo ninayoifanya mpaka leo. Siijutii hata kidogo. Imenijengea vyumba viwili na imesomesha wadogo zangu.

Ila kuna jambo halinipi usingizi. Mimi ni katibu wa kikoba chetu, kina mama watupu. Daftari la hisa ninalo mimi, mikopo naiandika mimi, na Desemba tukifungua sanduku kugawana, hesabu napiga mimi. Halafu mwaka 2024 ile mikopo ya halmashauri, ya asilimia kumi ya mapato yake, iliporudi baada ya kusitishwa, vikundi vya jirani vikaanza kunifuata niwasaidie kuandika katiba na kupanga maombi yao. Siku moja afisa maendeleo ya jamii akayapitia yale makaratasi, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia sijasomea popote. Akasema, "Mama, hii unayoifanya ndiyo kazi yangu. Wewe umekosa cheti tu."

Tangu siku hiyo nimejua ninachokitaka. Nataka nifanye QT, nikifaulu nifanye mtihani wa kidato cha nne, halafu niombe Tengeru, pale Taasisi ya Maendeleo ya Jamii. Nimeshauliza, nimeshaambiwa kituo kipo wapi, masomo ni jioni. Hela ya kuanzia ninayo, imekaa pembeni.

Sasa shida yangu. Nikitoka sokoni napita kule makusudi. Kituo kiko ghorofani, chini kuna duka la vifaa vya simu. Nikifika hapo naona vijana wanapanda ngazi na mabegi yao, nami nasimama kama mtu anayesubiri kifodi, daladala zetu za huku. Wakiisha kupanda, naondoka. Kaunta buku nililonunua limekaa stoo juu ya gunia la mchele, nimeandika jina langu ukurasa wa kwanza na hakuna kingine. Sababu hazinikauki. Januari mahitaji ya shule ya watoto. Mchele wa Magugu ukianza kuingia, nani atakaa genge jioni? Halafu sikukuu. Halafu Januari tena.

Kiingereza nimekisahau. Hisabati ilinishinda hata nilipokuwa na miaka kumi na tano. Na binti yangu mkubwa yuko kidato cha pili mwaka huu. Sijamwambia. Sijamwambia mtu yeyote, nyie ndio wa kwanza.

Naomba anayejua mambo haya anieleze, na aliyewahi kutaka kitu miaka akisita aniambie alianzaje. Msinitie moyo tu. Nataka nijue kesho nifanye nini.

---

FundiSakina

Dada pole na majukumu. Mimi nilivyotaka kufungua gereji yangu nilikaa nikipiga mahesabu mpaka basi. Kilichonitoa ni kulipa kodi ya eneo. Nilipotoa ile hela, hofu ya kuipoteza ikawa kubwa kuliko hofu ya kuanza, nikaamka asubuhi nikabeba toolbox. Kalipe kituo hata nusu. Ukishalipa utapanda hizo ngazi.

Mzee Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Wewe bado binti.

---

MwalimuMstaafu_Kibosho

Mwanangu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nimefundisha sekondari hapa Kilimanjaro, na jioni nimefundisha watu wazima, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Maruge ni mfano mzuri, lakini mimi nikutajie mama yangu mzazi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Nilikuwa na miaka kumi. Mchana tulisoma sisi, alasiri madawati yaleyale wanakaa mama zetu. Baba alikuwa kazini Tanga, kahawa anaipeleka mama chama cha msingi, na stakabadhi anayopewa hawezi kuisoma. Akitaka kujua imeandikwa kilo ngapi lazima amuulize shemeji yake. Hilo ndilo lililomuuma. Hakwenda darasani kwa sababu woga umemwisha. Alikwenda akiwa na aibu ileile, amejifunika khanga mpaka hapa usoni, na mashemeji wakacheka kweli, nami nilikuwepo nawasikia. Msimu uliofuata alisimama mbele ya karani, akaisoma stakabadhi yake kwa sauti, herufi moja moja, foleni nzima inamsubiri. Karani alikuwa ameandika sawasawa. Lakini kuanzia siku hiyo mama hakumuuliza shemeji tena.

Nakueleza haya kwa sababu naona unangoja siku ambayo utapita pale na moyo umetulia. Siku hiyo mimi sijaiona kwa mwanafunzi wangu yeyote mtu mzima. Walikuja nao wakitetemeka, na mtetemeko uliwaisha ndani ya darasa, wiki ya pili au ya tatu huko, walipokuta swali wanalolijua.

Sasa tuje kwenye hisabati, maana hapo umenishangaza. Chukua kikoba chako. Tuseme hisa moja ni shilingi 5,000 na mwaka huu zimenunuliwa hisa 420. Desemba mnafungua sanduku, mnakuta hela yote, pamoja na faida ya mikopo, ni shilingi 2,520,000. Mama mwenye hisa 15 anapata ngapi?

Najua umeshapata jibu kabla hujamaliza kusoma. Umegawa, ukaona kila hisa imekuwa 6,000, ukazidisha, 90,000. Na ukiulizwa faida ni asilimia ngapi utasema ishirini, kwa sababu elfu moja juu ya elfu tano ni ishirini juu ya mia. Mwanangu, huo ni uwiano na asilimia, mada za kidato cha kwanza na cha pili. Wapo watoto wanaosoma kila siku na hapo wanakwama. Wewe unaifanya mbele ya watu, na hela yao iko mezani, na ukikosea shilingi mia utaambiwa. Usiseme tena hisabati ilikushinda. Ilikushinda aljebra labda, na aljebra inafundishika.

Kuhusu QT yenyewe. Ni Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, na unapima mambo ya kidato cha kwanza na cha pili. Hufanyika Novemba. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na unafanyika kupitia kituo, anayechelewa hutozwa faini, na dirisha likifungwa limefungwa mpaka mwaka mwingine. Tarehe uliza kituoni. Kwenye tovuti ya Baraza kuna miundo ya mitihani, haina malipo. Ipakue uisome kabla ya kitabu chochote, ujue kila somo lina maswali ya namna gani.

Kiingereza hakina njia ya mkato, nitakuwa mkweli. Ukiacha Kiswahili, maswali karibu yote utayakuta kwa Kiingereza. Lakini maneno ya kuulizia ni machache na yanajirudia: taja, eleza, tofautisha, linganisha, orodhesha. Anza na hayo. Kisha soma kwa sauti ukurasa mmoja wa Jiografia kila siku, hata kama nusu yake huielewi.

Mwisho, umesema binti yako yuko kidato cha pili. Kwa hiyo vitabu vya QT viko nyumbani kwako, juu ya meza yako. Mwambie mtoto.

---

DadaWaNjiro

Naungana na mwalimu, shikamoo mwalimu. Ila dada mimi nitakwambia upande mwingine, usije ukaanza kwa moto halafu ukaacha.

Nilifanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea nikiwa kwenye kazi ya kufua hotelini, zamu za kubadilishana. Ule ugumu wa kuanza niliusikia sana, lakini ugumu wa mwezi wa sita, baridi ya hapa kwetu unaijua, umechoka, kesho zamu ya asubuhi, huo haukusemwa na mtu. Darasani tulianza wengi tukabaki wachache. Walioacha walikuwa na akili tu. Hawakuwa na mtu wa kushika nafasi yao, basi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kulipa, mtafute wa kukaa genge jioni. Mpe jina kabisa, mkubaliane malipo. Kama hupati mtu wa siku zote tano, uliza kituo kama unaweza kuanza na siku tatu. Kaka fundi anasema lipa kwanza. Kwa gereji sawa, ila darasa ukilipa na hakuna wa kushika biashara, utarudi kwenye ngazi zilezile na hasira juu.

Na kuhusu kuonekana. Mimi nilimwambia msimamizi wangu wa zamu, mtu niliyekuwa namwogopa kuliko wote. Akanibadilishia zamu. Hakufurahi, hakukasirika, alichukua kalamu akabadilisha. Nilikuwa nimeibeba hofu ile miezi yote kwa ajili ya jambo la dakika moja. Pale darasani napo wa pembeni yangu alikuwa dereva wa bodaboda, baba wa watoto wanne, kofia yake ya pikipiki anaiweka chini ya kiti. Hakuna mtoto aliyemcheka. Walikuwa wanamwomba lifti.

Jambo jingine, usihesabu mbali mno. Kwa kidato cha nne D inaanzia alama 30, na vyuo kwa ngazi ya cheti cha awali huangalia ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Hupaswi kuwa wa kwanza Arusha nzima. Lenga juu, ila ujue mlango una upana gani.

---

MamaWawili_Ngarenaro

Shikamoo mwalimu. Dada wa Njiro, kaka fundi, asanteni sana, Mungu awabariki.

Mwalimu, ile hesabu nililipata jibu kweli kabla sijafika chini. Nikaiandika kwenye kaunta buku, ukurasa wa pili.

Jana usiku nilimwambia binti yangu. Nilikuwa nakuna nazi, yeye anafanya mazoezi ya shule, nikasema bila kumwangalia, "Mama anataka kufanya QT." Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Hisabati utafanya?" Nikasema ni lazima. Akasogeza kitabu katikati ya meza, akasema basi leo tuko kwenye aljebra, kaa hapa. Tulikaa. Ananifundisha kwa ukali kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye, na nikikosea anafuta yote, anasema anza upya. Nilipata maswali mawili kati ya matano. Asubuhi alipokuwa anavaa viatu akaniambia wao wana jaribio Ijumaa, na mimi nitalifanya Jumamosi, karatasi ileile.

Genge nimeongea na mdogo wa mume wangu, atashika Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Tumekubaliana malipo. Mume naye nimemwambia, akauliza tu nitarudi saa ngapi na nani atanipokea kituoni kwa vifodi. Nimeona hilo ndilo jibu lake la ndiyo.

Jumatatu napanda kujiandikisha masomo, na kusajiliwa mtihani dirisha likifunguliwa. Bado naogopa. Swali langu moja kwa mwalimu: cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA vina jina la baba, lakini kwenye kikoba na leseni ya biashara natumia jina la mume. Nitumie lipi?

---

MwalimuMstaafu_Kibosho

Marahaba mwanangu. Tumia la cheti cha kuzaliwa, na liandikwe vilevile lilivyo, herufi kwa herufi, kwa sababu litakufuata kwenye matokeo ya QT, cheti cha kidato cha nne mpaka chuo. Wengi nimewaona wakihangaika na viapo mahakamani kwa ajili ya herufi moja. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala ya NIDA na picha ndogo za pasipoti. Wakishajaza taarifa zako, omba uzione kwenye kompyuta kabla hawajazituma, uzisome mwenyewe.

Na hiyo karatasi ya Jumamosi, ukishaifanya, andika hapa umepata ngapi.