Msomaji akishajua mapema kwamba "mbaya" sio mbaya, nafanyaje?

KalamuButu
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwenye hadithi fupi naiandika, kama maneno elfu tatu hivi. Msimulizi ni mama mwenye nyumba, nafsi ya kwanza. Anapata mpangaji mpya, jamaa kaja usiku na begi moja, ana kovu shavuni, macho mekundu, koti jeusi halivui hata jua likiwa kali, hasalimii watu na taa ya chumba chake inawaka mpaka alfajiri. Siku mbili tatu baadae vitu vinaanza kupotea pale nyumbani, mara redio mara hela ya kwenye mkoba, mama anaapa ni yeye, anamtangaza kwa majirani, mwisho anamtimua. Halafu inakuja kujulikana mwizi ni mpwa wake mwenyewe anayemdekeza, na yule mpangaji alikuwa anakesha anafasiri vitabu apate hela ya kumtibu mama yake mgonjwa.

Mi nilidhani nimeua. Nimewapa watu wanne wasome, wote wanne wanasema walijua mapema kwamba jamaa hana hatia, mmoja kajua ukurasa wa pili!! Sasa hadithi nzima inategemea msomaji aingie kwenye chuki ya yule mama, asipoingia hakuna hadithi. Nimejaribu kumuongezea mambo ya kutisha ndo imekuwa mbaya zaidi. Nakosea wapi?

Bibi Nukta
Hahaha kovu, macho mekundu, koti jeusi, yaani umembakizia pembe tu. Ndugu yangu ukimpaka mtu masizi kiasi hicho msomaji haoni mtu, anaona masizi, na anajua aliyeyapaka ni wewe mwandishi wala sio yule mama. Kovu lifute leo leo.

Msoma Usiku
Bibi yuko sahihi ila ngoja niongeze. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Abraham Luchins alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa kisa kifupi tu, aya mbili, kuhusu kijana anaitwa Jim. Kwenye aya moja Jim yuko na marafiki wanatembea juani, akiingia dukani anapiga stori na mtu anayemfahamu, akikutana na binti waliyejuana jana yake anamsalimia. Aya ya pili Jim yuleyule anatoka shule peke yake, anapita upande wenye kivuli, akimuona yule binti anavuka barabara. Waliosoma aya ya uchangamfu kwanza wengi wakasema huyu ni mtu wa watu, waliosoma ile ya upweke kwanza wengi wakasema huyu anajitenga, na maneno ni yaleyale, kilichogeuzwa ni mpangilio tu.

Sasa utamu uko hapa. Luchins aliwajaribu pia watu kwa kuwaonya kabla hawajasoma, kwamba wasikimbilie kuhukumu, na nguvu ya aya ya kwanza ikashuka. Ndo tatizo lako hilo. Msomaji wa hadithi fupi ni mtu aliyeshaonywa, ameshasoma hadithi za "kumbe" chungu nzima, kumbe alikuwa mwema, kumbe mwizi ni wa ndani. Ukimfungulia na jamaa wa kutisha unakuwa umempigia kengele mwenyewe.

Mi ningeanza na kitu kizuri. Mpangaji analipa kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, noti mpya, hajaomba apunguziwe. Mama anafurahi na msomaji anafurahi. Kurasa tatu mbele vitu vikianza kupotea wala usiseme chochote, msomaji mwenyewe atazikumbuka zile noti na kujiuliza zilitoka wapi. Akifika hapo amehukumu yeye, hakusukumwa.

Mshona Visa
Samahani lakini mi naona mnahangaika na mlango wakati paa linavuja. Kibovu zaidi ni mwisho. Jamaa kumbe anauguza mama, kumbe anakesha na vitabu, yaani mtakatifu kabisa. Kwani asingekuwa na mama mgonjwa ingekuwa halali kutimuliwa kwa wizi ambao hakuufanya? Umemlipisha wema wake wote ili asamehewe kosa ambalo sio lake! Hiyo ni chuki ileile umeigeuza upande wa pili, alikuwa mhusika bapa (wa sura moja tu) mbaya sasa ni mhusika bapa mwema, duara (mwenye pande nyingi kama mtu wa kweli) hajawahi kuwa. Muache awe mtu wa kununa tu. Hapendi watu, hapati usingizi, ndo maana taa inawaka, basi, na hakuiba.

Halafu mnamsahau mpwa. Yule naye anahukumiwa kwa picha ya kwanza, ila ni picha ya kupendwa. Hili mwanasaikolojia Edward Thorndike aliliona mwaka 1920 kwa maofisa wa jeshi waliopewa kazi ya kuwapima askari walio chini yao, askari aliyeonekana mzuri kwa jambo moja alipewa alama nzuri mpaka kwenye mambo yasiyohusiana na lile. Mpwa alikuwa mtoto mzuri anayembebea shangazi ndoo, basi ndo imetoka hiyo, mpaka leo hawezi kuiba. Weka ushahidi wa mpwa wazi kabisa, ana viatu vipya, redio ikipotea yeye ndo wa kwanza kusema "ni huyo mgeni", na mama kila mara anamtafutia sababu. Msomaji akimshuku mpwa wala usiogope! Hapo hasubiri tena kujua nani kaiba, anasubiri mama atakubali lini, na mi nakwambia kusubiri huko kunauma kuliko kumbe yoyote.

Mwl. wa Fasihi
Mshona Visa amenisemea kuhusu mwisho. Mimi nina neno kwenye lugha, maana nimeona unatumia vitu (koti, kovu) kubeba chuki wakati Kiswahili kimekupa viambishi bure. Siku ya kwanza mama aseme "mpangaji wangu". Redio ikipotea aseme "yule mtu". Hela zikipotea "lile jitu", na upatanisho ufuate, "lilipita uani halikunisalimia". Hapo keshamtoa kwenye ngeli ya watu, na hujataja sura yake hata kidogo. Mtu akiita mzee "kizee" hatuhitaji maelezo zaidi kuhusu anayesema. Na vitenzi hivyohivyo, alikuja na aliibuka sio kitu kimoja, kutazama na kukodolea pia.

Jambo jingine, wote hapa tunasema "jamaa" tukiwa na mwanaume kichwani. Lugha yetu haikulazimishi, "alikuja, alilipa, akafunga mlango" anaweza kuwa yeyote hadithi nzima. Mwandishi wa Marekani Toni Morrison alifanya kitu cha aina hiyo kwa rangi kwenye hadithi fupi yake "Recitatif" ya 1983, wasichana wawili, mmoja mweupe mmoja mweusi, na hasemi kamwe yupi ni yupi, msomaji anabaki kusaka dalili kwenye nywele na vyakula mpaka anajishtukia. Sikulazimishi, ila hebu jaribu kuondoa "jamaa" uone kinachotokea.

KalamuButu
Asanteni sana aisee, nimekesha (taa ilikuwa inawaka mpaka alfajiri lol). Kovu nimefuta, koti nimefuta, mama mgonjwa nimemuua, samahani mama. Nimeondoa na "jamaa" na kusema ukweli nimeshtuka, kuna sehemu mbili hadithi ilikuwa imesimama juu ya jinsia tu na mi mwenyewe nilikuwa sijui.

Mpwa hakamatwi tena. Mama anaikuta redio kitandani kwa mpwa wakati anakunja shuka, anaifunika tena, anatoka. Halafu anapita kwenye kile chumba kitupu. Kurasa mbili nzima ilikuwa "lilifanya hivi, lilifanya vile", sasa sentensi ya mwisho nimeandika: "Alisahau ndoo yake." Inatosha au niongeze kitu ili watu waelewe?

Bibi Nukta
Usiongeze. Hiyo "a" nimeisoma mara tatu. Ila nauliza tu, mwenye nyumba anamwambia nini mpwa asubuhi?

KalamuButu
Anamwambia chai iko mezani.