Kolamu ya MX-5 na raki ya Escort: shafti ya kati ni fupi kwa milimita 260, nichomelee?

MwanaChesi

Wakuu, habari za kazi. Niko Uingereza, naunda gari la mtindo wa Lotus Seven (gari dogo la michezo lililo wazi), chesi ya bomba za mraba za 25 mm, usukani kulia. Kolamu (nguzo ya usukani) nimeitoa kwenye Mazda MX-5 ya toleo la kwanza (ya 1989 hadi 1997, hii yangu haina airbag). Raki (fimbo ya meno inayogeuza magurudumu ya mbele) ni ya Ford Escort Mk2.

Kwenye Seven dereva anakaa nyuma sana, karibu aguse ekseli, kwa hiyo shafti ya kati ya Mazda, ile yenye krosi (kiungo kinachozungusha shafti hata zikiwa na pembe) juu na chini, haifiki kwenye pinioni, yaani shafti fupi inayozungusha raki. Nimeshikilia kila kitu kwa klampu, nikaweka mpini wa ufagio badala ya shafti, nikapima: pengo 260 mm, krosi ya juu nyuzi 24, ya chini nyuzi 31. Ukitazama kutoka juu, kolamu, shafti na pinioni viko kwenye mstari mmoja. Kutoka ubavuni vinapiga umbo la Z.

Jambo la pili, ncha ya mbele ya bomba la nje la kolamu inagonga upau wa chesi chini ya dashibodi. Nikikata 40 mm inapita.

Naomba ushauri: nikate shafti ya kati katikati na kuirefusha kwa silivu (kipande cha bomba kinachovikwa juu ya mkato) ya kuchomelea? Na bomba la kolamu nalikata wapi?

Krosi_Mbili

Mkuu, kabla ya kuwasha mashine ya weldi, hesabu meno ya ncha ya pinioni. Krosi ya chini ya Mazda na pinioni ya Escort si ndugu. Pima kipenyo cha nje cha pinioni kwa vernia, hesabu meno yote (tia alama ya chokaa kwenye jino la kwanza usije ukapotea), kisha agiza krosi yenye vipimo hivyo upande mmoja. Krosi "inayokaribia kuingia" ukaisukuma kwa nyundo inakula ncha za meno, na siku ya kulegea inazunguka bure. Ikiwa sahihi inaingia kwa mkono hadi mwisho, bila pleyi (kuchezacheza).

Angalia pia mfereji uliochongwa ubavuni mwa pinioni. Bolti ya kubana lazima ipite ndani ya mfereji huo. Bolti ikilegea, krosi bado haiwezi kuchomoka kwa sababu bolti imeziba njia. Kama tundu la bolti haliko sawa na mfereji, krosi haijafika mwisho au si ya pinioni hiyo. Bolti iwe ya daraja 8.8 au zaidi, nati mpya ya kujifunga, na kaza kwa torki anayotaja mtengenezaji wa krosi.

Kuhusu kuchomelea: inawezekana, lakini kwa kazi yako singechagua njia hiyo. Ukishanunua krosi ya chini, ongeza pesa kidogo upate shafti ya D mbili: fimbo ya 19 mm iliyosawazishwa pande mbili, inateleza ndani ya bomba lake la 25.4 mm lenye umbo hilohilo. Unapata urefu wowote, hakuna weldi, na gari likigongwa mbele shafti inajikunja ndani yake badala ya kumletea dereva usukani kifuani. Krosi za D mbili hushikwa kwa skrubu. Toboa kidimbwi kifupi kwenye fimbo ili ncha ya skrubu ikae ndani, weka gundi ya kufunga nyuzi, kisha nati ya kubana juu yake. Bila kidimbwi skrubu hushika rangi tu.

Fundi_Temeke

Wakuu, hizo D mbili huku Dar kuzipata ni mpaka uagize. Kwa anayelazimika kuchomelea, silivu inatengenezwaje ili isikatike? Wengine wanachukua kipande cha bomba la maji.

Krosi_Mbili

Bomba la maji hapana, kaka. Lina mshono na ukuta wake ni mwembamba. Chukua bomba lisilo na mshono, au mwombe fundi wa mashine ya kukereza akuchongee kutoka kwenye fimbo nzima: tundu la ndani libane shafti kwa mkono, ukuta usipungue 4 mm, urefu wa kutosha kuingia 40 mm kila upande wa mkato.

Kabla ya kukata, chora mstari mmoja mrefu kwa sindano ya chuma kutoka krosi hadi krosi. Huo ndio unakurudishia uma za krosi (mikono miwili inayoishika kila upande) mahali pake. Ondoa zinki yote iliyopakwa kwa msasa sehemu ya kuchomelea, maana moshi wa zinki ni sumu na weldi inajaa vitundu. Toboa silivu matundu mawili ya 8 mm kila upande, yakipishana nyuzi 90, uyajaze weldi hadi ishike shafti ya ndani, ndipo uzungushe weldi kwenye midomo ya silivu. Midomo ikatwe kwa mshazari. Mkato ulionyooka unakusanya nguvu mahali pamoja na ufa huanzia hapo.

Shafti nyingi ni za chuma chenye kaboni ya kati. Ukichomelea kikiwa baridi, pembeni mwa weldi panakuwa pagumu kama kioo. Pasha hadi nyuzi joto 150 au 200, chomelea, kisha funika kwa majivu makavu au blanketi la weldi kipoe polepole. Usimwagie maji. Kitambaa chenye maji kifungwe kwenye krosi peke yake, kulinda grisi na sindano za beringi, na weldi ikae mbali nayo angalau 75 mm.

Kupima: shika meno ya upande mmoja kwenye jiliwa kupitia krosi yake, upande wa pili weka wenzo wa mita moja na uning'inize kilo 20. Hiyo ni karibu Nm 196. Mtu mwenye nguvu akivuta kilo 40 kwa kila mkono kwenye usukani wa 350 mm anatoa karibu Nm 140. Rudia ukizungushia upande wa pili, kisha nyunyizia rangi ya kutafutia nyufa. Ukiona hata unywele mmoja, tupa.

Bi_Pembe

Mmeongea chuma, lakini pembe zake ndizo zinanitisha zaidi. Krosi moja haizungushi sawasawa. Kwa nyuzi 31, kasi ya kutoka inapanda na kushuka kati ya 0.86 na 1.17 ya kasi ya kuingia, mara mbili kwa kila mzunguko. Krosi ya pili hufuta kosa la ya kwanza iwapo pembe ni sawa na uma mbili za shafti ya kati zimelala sambamba. Kwa MwanaChesi ni 24 na 31, kwa hiyo kinabaki kipeuo cha pili cha (31² − 24²), yaani kama krosi moja ya nyuzi 19.6. Hapo tofauti ni kama asilimia 6. Inaendesheka, ila dereva makini atahisi usukani unakuwa mzito na mwepesi kwa zamu.

Sasa akikosea kuunga uma zikapishana nyuzi 90, makosa yanajumlishana: sawa na krosi moja ya nyuzi 39, kasi inacheza kati ya 0.78 na 1.29. Hili ndilo kosa la kawaida la wanaokata bila kuchora mstari, halafu lawama inamwangukia raki.

MwanaChesi, dawa yako ni ya bure. Raki ya Mk2 imeshikwa kwa bano za mviringo. Zilegeze, zungusha raki kwenye mhimili wake nyuzi 7 ili pinioni ielekee shafti zaidi. Krosi ya chini inarudi nyuzi 24, sawa na ya juu. Kwa kuwa umeizungusha kwenye mhimili wake, ncha za tai rodi (fimbo zinazounganisha raki na magurudumu) hazipandi wala kushuka, kwa hiyo magurudumu hayataanza kujipinda yenyewe chesi ikiruka matuta.

Kama shafti ingekwenda pia upande, uma zingepaswa kuhamishwa kwa pembe iliyo kati ya bapa mbili (ile ya kolamu na shafti, na ile ya shafti na pinioni), na kwenye krosi ya meno 36 kila jino ni nyuzi 10. Kwako hilo halipo. Shukuru.

Krosi_Mbili

Kuhusu bomba la kolamu: usikate. Ncha ile ya mbele ndiyo inayobeba beringi ya chini. Ukiiondoa, shafti ya ndani inaning'inia kwenye beringi ya juu peke yake na usukani utacheza. Vuta kolamu nzima nyuma 40 mm. Shafti ya kati unaitengeneza upya hata hivyo, pengo likiwa 300 badala ya 260 hakuna hasara. Ukishavuta, pima pembe tena.

Na breketi ya juu usiichomelee kwenye chesi. Kwenye kolamu nyingi za Kijapani za miaka hiyo breketi inashikwa kupitia vipande vidogo vya alumini vyenye vijiti vya plastiki, vinavyokatika kwenye ajali ili kolamu iteleze. Shafti ya ndani nayo ni vipande viwili vilivyofungwa kwa plastiki ya kumiminwa. Joto la weldi linaiyeyusha, na nyundo inaivunja. Ndiyo maana usukani hautolewi kwa kugonga ncha ya shafti: legeza nati, iache ikishika nyuzi tatu nne za skrubu, uvute kwa pula (kifaa cha kuvutia). Shika shafti sasa hivi uisukume na kuivuta. Ikiteleza, mtu alishaigonga. Tafuta kolamu nyingine.

MwanaChesi

Asanteni sana. Shafti ya ndani haitelezi. Nimevuta kolamu nyuma, nimezungusha raki, sasa napata 24 juu na 24.5 chini. Katikati ya krosi hadi katikati ya krosi ni 640 mm. Nafikiria bomba la 400 na fimbo ya 320, ziingiliane 80. Ila shafti inapita 15 mm tu kutoka bomba la ekzosi. Niongeze krosi ya tatu ili ikwepe?

Bi_Pembe

Mwingiliano wa 80 unatosha, na inabaki nafasi nzuri ya kujikunja. Hakikisha tu D mbili hazina pleyi ukizitikisa kwa mkono.

Krosi ya tatu ikiingia, lazima kuwe na beringi ya kushikilia moja ya shafti za katikati, iliyofungwa kwenye chesi. Bila hiyo mnyororo wa krosi tatu unajikunja kando badala ya kuzungusha. Mimi ningehamisha ekzosi. Injini kwenye mpira wake inayumba 10 mm au zaidi ukikanyaga mafuta, kwa hiyo 15 yako ni 5. Acha 25 mm, na weka bati la kukinga joto upande wa krosi, grisi isikauke.

Krosi_Mbili

Nyongeza kwa ajili ya ukaguzi wa IVA (ukaguzi wa Uingereza wa gari moja moja kabla ya kusajiliwa): kingo zote za kolamu na breketi ambazo goti au mkono wa dereva unaweza kuzifikia ziwe na mviringo usiopungua 2.5 mm, au zifunikwe kwa plastiki asilia ya Mazda. Usiitupe hiyo plastiki. Kufuli ya usukani imefungwa kwa bolti zilizokatwa vichwa. Ukihitaji kuihamisha, chonga mfereji kwa diski nyembamba uifungue kwa bisibisi pana. Kabla hujafunga dashibodi, zungusha usukani mwisho hadi mwisho, ufunguo ukiwa ndani na kufuli imefunguliwa, na jeki ikiwa imeinua magurudumu ya mbele, kisha chomoa ufunguo uone kufuli inashika. Kufuli isishike pasipotakiwa, na waya za swichi zisiguse shafti.