Kompyuta nne zifanye kazi kama moja: inawezekana?

KernelMbezi: Wakuu, nina mashine nne za Linux, kila moja GB 8 za RAM, zote kwenye swichi moja ya gigabiti. Nikiweka mfumo endeshi uliosambazwa, programu moja itapata GB 32? Na mashine ikizima, zilizobaki zinajuaje?

Fundi_Seva: Kwa RAM, sahau. Kusoma kumbukumbu ya ndani ni kama nanosekunde 100. Ujumbe kwenda na kurudi kwenye LAN (mtandao wa ndani kama huo wako) ni mara elfu kadhaa ya hapo. Mashine mbili zikiandika kwa zamu kwenye ukurasa uleule (kipande cha kumbukumbu) wa KB 4, ukurasa unarushwa huku na huku na prosesa zinakaa bure.

Kinachogawika vizuri ni kazi zisizotegemeana. Sprite, mfumo endeshi uliosambazwa wa Chuo Kikuu cha Berkeley, miaka ya 1980, ilikuwa ikihamishia michakato ya kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) kwenye kompyuta zisizo na mtu. Mwenyewe akirudi, mchakato unafukuzwa. Amoeba, mfumo mwingine wa aina hiyo wa Profesa Tanenbaum kule Amsterdam, ilikuteulia prosesa yenyewe, hujui hata amri yako imeendea wapi.

mzeewaklasta: Swali la pili ndilo gumu. Mashine haijui kama mwenzake amekufa, inajua tu kwamba amenyamaza. Huenda amezima, amelemewa, au waya umechomoka. Kwa hiyo zinapigiana kura. Kwenye etcd (hifadhidata ndogo inayotunzwa na mashine kadhaa kwa pamoja), mashine iliyochaguliwa kuwa kiongozi hutuma mapigo ya "niko hai" kila milisekunde 100. Kimya kikifika kama 1000, uchaguzi mpya.

Angalizo: wapiga kura wanne hawana faida juu ya watatu. Uamuzi unataka zaidi ya nusu ya kura, na kwa wanne hao ni watatu, kwa hiyo bado unavumilia kifo kimoja tu. Mtandao ukikatika mbili kwa mbili, hakuna upande unaoandika. Afadhali hivyo kuliko pande zote mbili kuandika.

Na usiiweke etcd kwenye diski kuukuu inayogombaniwa. Kila rekodi lazima itue kwenye diski kwanza. Ikichelewa, uchaguzi unazuka wakati hakuna aliyekufa. Pima kwa fio (programu ya kupima kasi ya diski): asilimia 99 ya fsync (amri ya kulazimisha data itue kwenye diski) ziwe chini ya milisekunde 10.

KernelMbezi: Ya nne niifanyie nini sasa?

Fundi_Seva: Ipe kazi, usiipe kura.

dada_paketi: Nyongeza: ombi likikosa jibu, huenda kazi ilishafanyika na jibu ndilo lililopotea. Ukirudia kutuma "toa 10,000" kienyeji, zinatoka 20,000. Kila ombi lipe namba yake, seva iitunze pamoja na jibu, na ikiiona tena irudishe jibu lilelile.